Daktari Twalibu na Mgonjwa Namba Kumi na Saba

Leo Jumanne, tarehe 30 Juni 1998, Daktari Twalibu Mshamu Ngaweje anavua koti jeupe baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, ishirini na minne kati yake hapa hapa kituoni kwetu. Kamati ya sherehe ilitaka wasifu wake uandikwe na mtu mwenye mwandiko unaosomeka. Kwa kuwa mwandiko wa Daktari husomwa na mtoa dawa wetu na Mola wake tu, kazi ikaniangukia mimi, Mwajabu, muuguzi mkunga, niliyefanya naye kazi miaka kumi na tisa. Nimeambiwa niandike mazuri, nami nitayaandika. Ila mnaonifahamu mnajua sipaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Daktari alizaliwa mwaka 1938 katika milima ya Umatumbini, kule ambako ukiambiwa nyumba ya jirani ni hapo tu, funga maji na chakula kabisa. Alianza kazi mwaka 1964 akiwa mganga msaidizi wa vijijini, akahudumu katika zahanati tatu, na mwaka 1974 kituo chetu kilipofunguliwa, hapa kando ya barabara kati ya Bungu na Kibiti, akashuka kwenye lori na sanduku la bati, baiskeli, na mkewe Bi Maimuna. Baadaye alikwenda masomoni akarudi Daktari Msaidizi. Wengi walidhani akishapata cheti kile atatuhama. Alirudi mwaka 1979, akabadilisha kufuli ya stoo ya dawa, akaendelea na kazi.

Mwaka huo huo nami niliripoti, binti mgeni mwenye viatu vyeupe. Swali lake la kwanza halikuhusu vyeti vyangu. Aliniuliza kama najua kuendesha baiskeli. Nikasema najua, na wallahi nilikuwa sijui. Kesho yake alinituma kijiji cha Dimani kumwona mzazi, na nusu saa baadaye watu wakaja kumwambia kwamba nesi wake yuko ndani ya shamba la mihogo na baiskeli iko juu yake. Hakunigombeza. Alinifundisha mwenyewe jioni tatu mfululizo, akishika kiti kwa nyuma, na siku ya nne akaniachia bila kuniambia. Wakunga wote waliopita hapa wamefundishwa hivyo hivyo, kazi na baiskeli.

Mambo aliyoyaanzisha ni mengi na karatasi ni chache. Ni yeye aliyepigania boti ya chanjo iende delta, kwenye visiwa vya mdomo wa mto, kila mwezi, wakati wakubwa walisema watu wa visiwani watakuja wenyewe wakitaka. Ni yeye aliyewafundisha wahudumu wa afya wa vijiji, wengine wao hawakuvuka darasa la nne, wakajua kupima joto, kuchanganya maji ya chumvi na sukari, na hata kupima presha. Mwaka wa kipindupindu alikaa Salale, kijiji cha delta, siku kumi na moja kwenye mikoko, akarudi amekonda hata Bi Maimuna akadai ameletewa mume mwingine.

Na mtu asisahau chai yake. Kila asubuhi Bi Maimuna alimletea kikombe, Daktari akakiweka dirishani akisema anamalizia mgonjwa huyu mmoja. Saa nane mchana tulikikuta pale pale, na nzi wawili wakielea. Hapa kituoni jambo lolote lililoanzwa likaachwa huitwa chai ya Daktari. Choo cha wagonjwa wa nje, kwa mfano, kimekuwa chai ya Daktari tangu mwaka 1989.

Tulikuwa tukicheka. Sasa naona tulikuwa tunatazama mtu ambaye hapati hata dakika tano za kunywa chai, na sisi tukaona ni kichekesho.

Miaka ya tisini ilipoingia, mambo yalibadilika. Ruhusa ya zahanati za watu binafsi ilirudi, na wenzetu wawili waliokuwa wakisaidiana naye wakaenda Dar es Salaam kufungua zao. Siwalaumu, watoto wanakula. Biashara nayo ikafunguliwa, malori yakawa mengi barabarani, na kila lori lililoanguka Bungu lililetwa kwetu, namaanisha waliokuwa juu yake. Kisha ajira zikafungwa, na badala ya kuletewa watu tukaletewa uvumi wa orodha ya kupunguza wafanyakazi. Ilisemekana wa kwanza kuandikwa ni wafanyakazi wenye maradhi. Daktari akabaki peke yake na watu sitini hadi tisini kwa siku. Likizo ya mwisho alikuwa ameichukua mwaka 1990.

Mimi nilikuwa mstari wa mbele kumsifu. Mgeni akija kutoka wilayani, namwambia kwa majivuno kwamba daktari wetu hachoki. Nililisema neno hilo mara nyingi sana, naye akisikia alitabasamu. Lakini alikuwa amebadilika. Redio aliyozoea kusikilizia mpira ilinyamaza. Alianza kuwasahau watu majina, yeye aliyekuwa akijua hata jina la mbuzi wako. Siku moja alimfokea mama aliyechelewa kumleta mtoto, akamfokea hasa, kisha akatoka akaenda kusimama nyuma ya stoo, mkono kifuani. Aliporudi alimwomba yule mama radhi mbele yetu sote. Tulisema ni joto.

Sasa niwaeleze habari ya daftari.

Mwanzoni mwa mwaka 1994, baada ya semina Utete wilayani, tulianzisha daftari la wagonjwa wa presha. Kila mtu alipewa namba, na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi walikaa kwenye benchi, nami nikawaita kwa namba na jina, wakapimwa na kupewa vidonge. Aliyekosa mara mbili tulimfuata nyumbani. Sheria hiyo aliitunga Daktari mwenyewe. Alisema presha haina kelele, kwa hiyo ni lazima sisi tuwe na kelele. Daftari nilikabidhiwa mimi.

Mwezi Machi Daktari aliniambia niandike mgonjwa mmoja aliyemwona delta. Namba kumi na saba, Bwanaheri Miraji, miaka hamsini na sita, mkulima, Salale. Alisema mtu huyo hawezi kuja, atampima yeye mwenyewe kila anapokwenda na boti, na vidonge atampelekea. Nikaandika. Kila boti iliporudi alinitajia vipimo, nami nikajaza. Kwanza 150 kwa 95. Kisha 160 kwa 100. Namba haikushuka hata mwezi mmoja.

Bwanaheri huyo alinikosesha raha. Nilimuuliza Daktari huyo mtu anakula nini. Akasema chakula chake si kibaya, ila hapumziki, na hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Nikasema basi mwambie nimesema mimi, Sista Mwajabu, kwamba shamba halikimbii, litamkuta kaburini. Daktari aliitikia kwa adabu kwamba atafikisha. Safari nyingine nilimpa mkungu wa ndizi mbivu ampelekee mgonjwa, na salamu za ukali. Akarudi akaniambia mgonjwa ameshukuru sana, ndizi zilikuwa tamu. Nami nikafurahi, mjinga mimi.

Mwaka wa pili dawa za presha zikaanza kuja pungufu. Tulikuwa na wagonjwa ishirini na vidonge vya watu kumi na tisa. Nilikwenda kwake na daftari mkononi nikamuuliza nani asubiri hadi mwezi ujao. Hakufikiri hata kidogo. Alisema Bwanaheri asubiri, yule ana nguvu bado, vidonge vyake apewe Bibi Kijakazi. Bibi Kijakazi mnamjua nyote, ndiye aliyekaa mbele leo na kanga ya njano. Mwezi uliofuata dawa zilipungua tena, nikauliza tena, nikajibiwa vile vile. Nilikata jina la namba kumi na saba kwenye orodha ya vidonge mara tano kwa kalamu yangu. Na kila nilipolikata, boti iliporudi namba ilikuwa imepanda. Mwezi Mei 1996 nikaandika 190 kwa 120.

Kwa namba ile mtu anaweza kuanguka shambani akamalizika. Mwezi Juni Daktari aliitwa Utete kwenye kikao cha siku tano. Boti ya chanjo ilikuwa inakwenda, haikuwa zamu yangu kwenda, nikajiweka. Nilichukua mashine ya presha, vidonge vya mwezi mmoja nilivyoviomba kwa mbinde, na maneno yangu yote niliyokuwa nimemlimbikizia Bwanaheri kwa miaka miwili.

Yassin, nahodha wetu, alitupakia kwenye gati la Nyamisati. Alinionya kuwa maji yanakupwa na tutatembea. Tulitembea. Nilizama kwenye tope hadi magoti, kaa wakinitazama, na viatu vyangu vimebaki huko hadi leo. Nilifika Salale kwa Mwanamina, mhudumu wa afya wa kijiji, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, nikamwambia anipeleke kwa Bwanaheri Miraji, yule mzee mwenye presha.

Mwanamina alinitazama miguu kwanza, kisha uso. Akasema hapa Bwanaheri Miraji ni mmoja, yuko pale anachezea nyavu za babake, na ana miaka minne. Mamake kazalishwa na Daktari Twalibu mwenyewe juu ya boti, kabla hawajafika ufukweni.

Nikasema labda kuna mwingine, mtu mzima, Daktari humpima presha kila mwezi. Mwanamina akacheka. Akasema anayepimwa presha kila mwezi hapa ni Daktari. Kila akifika, kabla ya kazi, humkalisha yeye Mwanamina chini, humpa mkono wake afunge kile kitambaa, asikilize, asome zebaki, ati asisahau aliyofundishwa. Naye Mwanamina ni mwanafunzi mzuri, huandika. Akaniletea kijidaftari chake kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Tarehe zilikuwa zile zile zilizo kwenye daftari langu. 150 kwa 95. 160 kwa 100. Ukurasa wa mwisho, 190 kwa 120.

Niliomba kiti. Nikakumbuka zile ndizi. Halafu nikakumbuka kalamu yangu na zile mara tano, nikalia mbele ya Mwanamina na Yassin bila kujali. Methali ya mganga na kujiganga mnaijua, sina haja ya kuisema. Ila haisemi wanaomzunguka mganga walikuwa wapi.

Njiani kurudi niliwaza kuandika barua wilayani. Nikaona nikiandika, jina lake litaingia kwenye ile orodha, na watu wa Bungu, Dimani na delta nzima watabaki na mimi na kipimajoto. Nikinyamaza, tutamzika. Nililala na jambo hilo siku tano, sikumwambia mtu. Mwisho niliamua kufuata sheria yake mwenyewe. Yeye ndiye aliyesema tuwe na kelele.

Jumatatu ya kwanza ya Julai benchi lilijaa kama kawaida. Daktari alikuwa chumbani kwake, mlango wazi, akiandika. Nikaita namba moja, namba mbili, nikapima, nikaendelea hadi kumi na sita. Kisha nikasimama nikaita kwa sauti, "Namba kumi na saba. Bwanaheri Miraji, Salale." Kalamu chumbani ilisimama. Nikaita mara ya pili. Wazee wakaanza kutazamana, kwa kuwa mtu huyo hawajawahi kumwona. Nikaita mara ya tatu.

Daktari Twalibu alitoka. Alikuwa amevua koti na anakunja mkono wa shati. Alisimama mbele ya benchi kama mtu aliyekuja kituoni kwa mara ya kwanza, hajui akae wapi.

Mtu wa kwanza kuelewa alikuwa Bibi Kijakazi, na yeye hakusoma hata herufi moja. Aliwasukuma wenzake kwa kiuno akasema, "Sogeeni, mwanangu apate pa kukaa."

Akakaa. Nikamfunga kitambaa, nikasikiliza. Ilikuwa 196 kwa 122. Nilimuuliza kwa sauti ya chini kwa nini aliniacha nikate jina lake mara tano. Alinijibu bila hasira. "Kila dawa zilipopungua uliniuliza nani asubiri, Sista. Ningekutajia nani?"

Nilichukua kalamu nyekundu, nikakata jina la Bwanaheri Miraji mbele ya macho yake, na juu yake nikaandika Twalibu Mshamu Ngaweje. Nikampa vidonge. Nikamwambia avimeze hapo hapo, nikiona. Bi Maimuna alikuwa anaingia na chai, akakuta mumewe amekaa benchi la wagonjwa. Alipoelezwa, alisema ugonjwa ni wa Mungu, hauwi kosa. Kilichomuuma ni kwamba mwanamke wa Salale aliujua moyo wa mumewe miaka miwili kabla yake. Daktari aliinamisha kichwa. Kisha, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu ya kituo hiki, alikunywa chai ingali moto, yote, na watu kumi na tisa wakimtazama.

Yaliyofuata hayakuwa ya maajabu, yalikuwa ya taratibu tu. Alichukua likizo yake ya kwanza katika miaka sita, akaenda kwao milimani, akalala. Bi Maimuna anasema siku tatu za mwanzo aliamka kwa ajili ya swala na ugali tu. Wagonjwa wenyewe walipitisha kwamba baada ya Alasiri hakuna kubisha nyumbani kwa Daktari ila kwa uzazi, kuanguka au damu, na Bibi Kijakazi akajitolea kukaa barazani na mkeka wake kuhakikisha. Mtu mwenye mafua hakupita. Bibi mwenyewe alipokuja kusikia vidonge vyake vilitoka wapi, alisema vikipungua tena zamu ya kusubiri ni yake. Daktari alikataa. Walibishana mwezi mzima hadi tukaandika wilayani, sote, na vidole gumba vya wazee vikiwa chini ya barua, kuomba dawa za kutosha na mtu wa pili. Dawa zilikuja baada ya miezi mitatu. Tabibu Kudra alihamishiwa kwetu mwaka uliofuata, na kesho anakabidhiwa meza.

Na sisi wafanyakazi sasa hupimwa kwanza, kabla ya wagonjwa, kila Jumatatu ya kwanza. Siku ya kwanza tulipatikana wawili wenye presha. Mimi ni namba thelathini na moja, msicheke.

Mwaka jana ile orodha ya kupunguza wafanyakazi ilipita, na Daktari hakuwamo. Alifanya kazi miaka miwili mizima baada ya siku ile, kwa saa za binadamu, na redio ya mpira ikarudi kupiga kelele. Majina ya watu yakamrudia, na nasikia hata ya mbuzi. Mwezi uliopita alikuwa 140 kwa 90.

Anahamia Dimani, kwenye mikorosho yake na minazi michache ambayo anadai ni shamba. Bi Maimuna, tunakushukuru kwa vikombe vya miaka ishirini na minne, hata vile walivyokunywa nzi. Mwanamina amekuja leo kutoka Salale na kijidaftari chake kwenye mfuko, na viatu vyangu hakuvipata. Kamati imemwandalia Daktari kiti cha kukunja, mkeka na redio mpya, na vyote atakabidhiwa baada ya chakula.

Zawadi yangu mimi ni ndogo. Kuna waliosema mstaafu si mfanyakazi tena, jina lake lifutwe kwenye daftari la kituo. Nimekataa. Namba kumi na saba inabaki yake, na hapewi mtu mwingine maadamu yu hai.

Daktari Twalibu, ulitufundisha kazi, na ukatuchelewesha kujua kwamba nawe ni mtu. Tumejua. Ninajuta kila nilipomwambia mgeni kwamba huchoki, na leo nakuomba radhi mbele ya watu, kama ulivyomwomba yule mama. Nenda Dimani salama, ulale mchana bila haya, ule korosho zisizo na chumvi, na Mungu akupe umri wa kuona wajukuu wa uliowazalisha. Jumatatu tarehe 6 Julai benchi litakuwa pale pale. Ukikosa mara mbili tutakufuata, baiskeli najua kuendesha. Ila usinichoshe, mzee wangu. Safari hii nitaita mara moja tu.